Aliyeanguka, Nani Kamfundisha Kuanguka?

Kwa miaka mingi kipindi cha mieleka cha Raw, cha kampuni ya WWE ya Marekani, kimekuwa kikianza saa 2 usiku wa Jumatatu kwa saa za New York, na kwa kuwa sisi wa Mtwara tuko mbele ya mji ule kwa saa 7 katika miezi yao ya joto na saa 8 katika miezi yao ya baridi, Jumatatu yao hutufikia siku ya Jumanne, saa 9 usiku au saa 10 alfajiri. Katika miezi ile ya baridi adhana ya alfajiri hulikuta pambano la pili au la tatu likiwa ulingoni. Hapo mimi hupunguza sauti ya simu, naye mke wangu, ambaye aliacha zamani kushangaa, huuliza kutoka chumbani, "Baba Zuhura, hao watu hawajachoka tu kubwagana?" Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa miaka kadhaa.

Niseme mapema lile ambalo kila msomaji anataka kuniambia: ninajua kwamba matokeo yamepangwa. Wapo waandishi wanaoamua nani ashinde, wapiganaji huambiwa kabla ya kupanda ulingoni, na mwamuzi mwenyewe huvaa kifaa sikioni anachoelekezwa nacho kwamba muda umebaki kidogo. Kisichopangika ni uzito wa mwili. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizotandazwa juu ya vyuma, juu yake godoro jembamba na turubai, na mtu wa kilo 110 akiinuliwa na kubwagwa hapo mgongo wake hauna habari kwamba mshindi alishajulikana tangu mchana. Kwa hiyo swali la kama mambo haya ni ya kweli au ya uongo sitalirudia tena. Ninachotaka kueleza ni namna ninavyolipima pambano, kwa sababu nimegundua kwamba ninapima tofauti na vijana ninaobishana nao vijiweni, na tofauti hiyo ina asili yake.

Asili ya kwanza ni barabara. Nilianza kutazama mieleka katika kibanda umiza kimoja cha Magomeni, hapa Mtwara mjini, kilichoezekwa makuti na kuwekwa mabenchi ya mbao ambazo hazikupigwa randa, tukilipa sarafu chache ili kuingia na kukaa mbele ya televisheni moja iliyoendeshwa kwa jenereta. Mikanda ya video ilitoka Dar es Salaam kwa basi. Siku zile, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika ilipokolea barabara ya kusini ilikatika kwa wiki nzima au zaidi. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kwa miaka kadhaa kumeza magari katika tope. Matokeo yake yalikuwa kwamba kipindi ambacho Wamarekani walikitazama kila wiki kwa utaratibu, sisi kilitufikia mafungu mafungu na bila mpangilio. Tuliona wiki ya tatu kabla ya wiki ya pili. Tulimwona mtu na mkanda wa ubingwa kiunoni, kisha baada ya mwezi mmoja mzee mwenye kibanda akapata ule mkanda mwingine, wa video, unaoonyesha alivyoutwaa. Hatukuwa na njia ya kuwa na wasiwasi juu ya nani angeshinda, kwani mara nyingi tulishajua. Kilichobaki kutazamwa ni jinsi alivyoshinda, na zaidi ya hapo, jinsi mwenzake alivyoshindwa.

Asili ya pili ni mjomba wangu. Alikuwa mkulima wa korosho huko juu Newala na, katika ujana wake, mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Baada ya mauzo ya korosho alishuka mjini kununua mabati au kulipa ada za shule, na jioni moja nilimshawishi tuingie kibandani. Vijana walikuwa wakimshangilia stelingi, maana katika vibanda vyetu mtu mwema huitwa stelingi hata kama ni mwanamieleka, nami, kwa kutaka kuonekana mjuzi, nikamnong'oneza mjomba kwamba nimeshaona mkanda wa mbele na huyo mwenye kaptula nyekundu ndiye anayeshinda. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Sikukuuliza anayeshinda, mpwa wangu. Nakuuliza huyu anayeanguka: nani kamfundisha kuanguka?"

Wasiojua mapiko wanaweza kudhani kwamba lilikuwa swali la mzaha. Lipiko ni kinyago kinachovaliwa kichwani, chepesi, mara nyingi kimepandikizwa nywele za binadamu, na mchezaji huona kupitia uwazi wa mdomo wa kinyago chenyewe. Mwili wake wote hufunikwa kwa nguo ili asitambulike. Anapotoka kichakani, wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hukimbia, na huenda nusu ya wanaokimbia wanaifahamu vizuri miguu ile kuwa ni ya nani. Hakuna anayesimama katikati ya uwanja akatangaza kwamba hilo si pepo bali ni mtoto wa fulani, kwa sababu kufanya hivyo ni ukosefu wa adabu, na pia ni kujinyima raha. Kinachojadiliwa baadaye ni kama alizisikiliza ngoma, kama alimjibu mpigaji, kama alijua kusimama. Mjomba aliitazama mieleka kwa jicho hilohilo, na tangu siku ile nimeshindwa kuitazama kwa jingine. Mshindi simtazami sana. Namtazama aliyeshindwa, anavyoanguka, na anachoondoka nacho.

Kwa kipimo hicho, pambano la televisheni ninaloliweka juu kabisa lilichukua dakika chache tu. Lilirushwa tarehe 17 Mei 1993 kutoka Manhattan Center, New York, wakati Raw ilikuwa na miezi 4 tu tangu ianze. Vipindi vya siku zile vilijengwa juu ya mtindo mmoja: mbabe mwenye jina anapewa kibonde asiye na jina, anamchezea anavyotaka, anamaliza, anaondoka. Razor Ramon, ambaye jina lake halisi ni Scott Hall, aliingia akiwa na minyororo ya dhahabu shingoni na kijiti cha meno mdomoni, na mbele yake alisimamishwa kijana mwembamba wa miaka 20, Sean Waltman, ambaye walikuwa hata hawajakubaliana waendelee kumwita nani. Kila kitu kilikwenda kama kawaida hadi kijana alipopanda juu ya kamba za kona, akajirusha kinyumenyume, akamwangukia mbabe kifuani na mwamuzi akahesabu moja, mbili, tatu. Jina likapatikana kwa hesabu hiyo: 1-2-3 Kid.

Watu humsifu kijana. Mimi, nikiurudia mkanda huo, namtazama Hall. Asingekuwa ameingia kwa maringo yale, asingekuwa amempuuza mwenzake kwa kila hatua, tukio lile lisingekuwa na uzito wowote. Ni yeye aliyelijenga, na ni yeye aliyekubali kuwa chini wakati ukumbi unalipuka. Na angalieni alichoondoka nacho. Katika wiki zilizofuata alimsumbua kijana ili warudiane, akafika hadi kuahidi dola 10,000, na kijana akazichukua fedha na kutimua mbio. Mwaka haukuisha kabla Razor Ramon hajageuka kutoka adui kuwa kipenzi cha mashabiki, na njia ya kufika huko ilianzia katika kushindwa kule.

Pambano la Mankind na The Rock, lililorushwa tarehe 4 Januari 1999, nalitaja kwa sababu watu wataniuliza nisipolitaja. Kama pambano, naliona la wastani: kando ya ulingo palijaa watu kama mnadani, na Steve Austin ndiye aliyelimaliza kwa kiti cha chuma kichwani mwa The Rock, kisha Mankind akawekwa juu yake ili ahesabiwe. Aliyepigwa kiti na mtu wa nje hakushindwa na mpinzani wake, kwa hiyo The Rock aliondoka kama alivyoingia, hakuongeza wala kupunguza. Kilicho kizito ni habari iliyolizunguka. Pambano lilikuwa limerekodiwa siku kadhaa kabla, huko Worcester, Massachusetts, na kituo pinzani, kilichokuwa na kipindi chake cha Nitro usiku uleule, kilimtuma mtangazaji wake awaambie watazamaji kwamba Mankind angetwaa ubingwa, kwa kejeli, ili wasihangaike kubadili chaneli. Wakabadili. Usiku ule Raw ilipata kipimo cha watazamaji cha 5.7 na Nitro 5.0. Wenye kituo walifikiri kwamba mtu akishajua mshindi hana cha kutazama. Wangekaa wiki moja tu katika kibanda cha Magomeni wasingefanya kosa hilo.

Na katika Nitro hiyohiyo, mbele ya umati uliolipa kuingia Georgia Dome, Atlanta, Hulk Hogan alimgusa Kevin Nash kifuani kwa kidole kimoja, naye Nash, lijitu la zaidi ya mita 2, akaanguka chali na kujilaza hadi akahesabiwa na kupokonywa ubingwa. Nilipomsimulia mjomba kisa hiki miaka mingi baadaye, alicheka kwanza, kisha akanuna kana kwamba mtu kaivunjia heshima ngoma yake mwenyewe. Huko ni kuvua lipiko uwanjani.

Kuna pambano moja ambalo siwezi kulipima vizuri, na ni lile la Trish Stratus na Lita, lililofunga kipindi cha Raw cha tarehe 6 Desemba 2004 mjini Charlotte, North Carolina. Nililiona mara ya kwanza nikiwa na dada yangu, nyumbani kwa jirani mwenye deki, kwa kuwa baba hakutaka kusikia kwamba binti yake ameonekana kibanda umiza, ingawa dada alikuwa akichungulia dirishani kwa miaka na alijua majina kuliko mimi. Mapema katika pambano Lita alijirusha kutoka ulingoni kumfuata Trish nje, akakosea, akatua vibaya mno, shingo ikijikunja chini ya mwili. Huyu ni mtu aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo mwaka 2002. Dada aliziba macho kwa kiganja. Pambano liliendelea, Lita akamaliza kwa kujirusha kinyumenyume kutoka juu ya kamba na kuutwaa mkanda, na wanawake wawili wakawa wamefunga kipindi katika enzi ambayo mapambano yao kwa kawaida yalipewa dakika za kubania. Kwa hilo ninaliheshimu sana. Lakini swali la mjomba hapa linakosa pa kusimama, maana anguko lile hakuna aliyelifundisha, na kila ninapolirudia naona ninatazama ajali na kujifanya ninatazama mchezo.

Sasa nifike London. Tarehe 23 Aprili 2007 Raw ilirekodiwa katika ukumbi wa Earls Court, na John Cena, aliyekuwa bingwa na ambaye siku ile alikuwa anatimiza miaka 30, alipambana na Shawn Michaels, mwenye miaka 41, kwa muda unaokaribia saa nzima. Wiki tatu kabla, Cena alikuwa amemshinda Michaels katika WrestleMania ya 23 kule Detroit, na usiku huu ubingwa haukuwekwa rehani. Kwa hesabu za kawaida basi pambano halikuwa na thamani yoyote: marudiano, bila mkanda, katika wiki isiyo na sherehe.

Ili mtu aelewe ugumu wake ni lazima aelewe kwanza matangazo ya biashara. Pambano la televisheni hukatwa vipande. Waandaaji hawataki kukatiza wakati stelingi anapotawala, kwa hiyo mbinu iliyozoeleka ni hii: dakika chache baada ya kuanza, mmoja hutupwa nje ya ulingo, kamera inamwonyesha akigaragara, matangazo yanaingia, tukirudi tunamkuta adui amemkaba shingo sakafuni, na ndiyo ishara ya kwamba mambo makubwa hayajatokea wakati hatupo. Mkanda wetu wa kibandani ulikuwa umekwisha kukatwa matangazo, lakini mishono ilibaki, kama viraka kwenye tanga la dau; ukiwa mtazamaji wa siku nyingi unaijua. Pambano fupi lina mshono mmoja au haupo kabisa. Hili la London lilikuwa na mishono mingi, na kila baada ya mshono walitakiwa kuanza tena kupandisha joto la ukumbi bila kurudia walichokwisha kukifanya.

Walifanyaje? Kwa kwenda taratibu. Robo saa ya kwanza karibu haina pigo la kukumbukwa: ni kushikana, kukaba mkono, kuachiana, kupimana macho. Vijana wa kibandani walianza kupiga miluzi na kudai pambano lingine, na mzee mwenye kibanda akatishia kuzima. Kisha, polepole, kila kabali ikaanza kudai malipo. Michaels, aliyewahi kukaa nje ya ulingo kwa miaka mingi kwa ajili ya mgongo, aliutumia mgongo ule kama mpiga marimba anavyotumia ubao mmoja anaoujua sauti yake. Kila alipobwagwa alichelewa kidogo zaidi kuinuka, hadi watu wakaacha kuuliza lini litakwisha. Cena, ambaye wajuzi wa siku zile walimdharau kwamba anajua miondoko michache tu, alifuata mwendo wa mwenzake bila kuupoteza. Mwishoni likaja lile teke la Michaels la kidevuni, Cena akaenda chini, hesabu ikafika tatu.

Bingwa alishindwa, na katika siku yake ya kuzaliwa. Lakini mtu aliyetoka ukumbini akiwa mkubwa zaidi kuliko alivyoingia alikuwa yeye Cena, kwa sababu baada ya usiku ule ilikuwa vigumu kusema tena kwamba hajui kazi. Jambo hilo lilikuwa limemtokea hata mwanzoni: katika pambano lake la kwanza la televisheni, kwenye SmackDown, kipindi pacha cha Raw, ya tarehe 27 Juni 2002, alijitokeza bila kutarajiwa kumkabili Kurt Angle, akashindwa, na kushindwa kule ndiko kulikomtambulisha. Ninapowasikia watu wakisema Cena alijengwa kwa kushindishwa ovyo, nakubali nusu. Nusu nyingine ilijengwa na siku alizolala chini vizuri.

Nimebakiza moja, nalo bado linaniuma. Kofi Kingston alizaliwa Ghana, na kwa miaka zaidi ya 10 alikuwa mtu wa kuchangamsha kipindi, wa mikanda ya kati na ya timu za watu wawiliwawili. Mwezi Februari 2019 Mustafa Ali aliumia, Kofi akaingizwa badala yake katika pambano la SmackDown la kupokezana, ambamo anayeshinda hubaki ulingoni kumsubiri anayefuata. Alikaa humo zaidi ya saa nzima. Alimtoa Daniel Bryan aliyekuwa bingwa, akamtoa Jeff Hardy, akamtoa Samoa Joe, hadi AJ Styles alipomtoa yeye. Tarehe 7 Aprili alimshinda Bryan katika WrestleMania na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika, na hapa Mtwara niliwaona vijana wa bodaboda, ambao kwa kawaida hubishana Simba na Yanga tu, wakionyeshana picha yake kwenye simu. Alikaa na ubingwa siku 180.

Tarehe 4 Oktoba 2019 SmackDown ilihamia kituo kipya cha televisheni, na ili kuipamba siku hiyo Kofi alipewa Brock Lesnar. Kwetu ilikuwa Jumamosi, na mjomba, aliyekuwa ameshuka kwa ajili ya matibabu ya macho, alikuwa amelala kwangu. Asubuhi nilimwekea pambano hilo kwenye simu, nikimweleza kwa fahari kwamba huyu ni Mwafrika mwenzetu. Kengele ikalia, Kofi akaruka kumvamia, Lesnar akamdaka mabegani, akamzungusha, akambwaga, moja, mbili, tatu. Sekunde zisizofika 10.

"Umeruka hapo katikati?" mjomba aliuliza.

"Hapana, mjomba. Ndiyo yote."

Aliniomba nirudie, na safari hii alisogeza simu karibu na jicho lake lililo zima, akimfuata Kofi peke yake. Kisha akasema kwamba mtu huyu hawakumwacha hata aanguke. Hakuwa na hasira juu ya Lesnar, wala hakuuliza kwa nini Mwafrika ndiye aliyefanyiwa hivyo, swali ambalo mimi nililibeba kwa wiki kadhaa, hasa nilipoona Kofi amerudishwa katika timu yake akitabasamu kana kwamba zile siku 180 zilikuwa za mtu mwingine. Aliuliza tu kama ninalo lile refu nililomsimulia, la kupokezana. Ninalo, nikamwambia, nimelihifadhi. Tulilitazama lote, chai ikapoa, mke wangu akapita mara mbili akitikisa kichwa, na Kofi alipotolewa na AJ Styles, akiwa hoi, ukumbi mzima ukiwa umesimama kwa ajili yake, mjomba aliweka simu pajani akapiga makofi mara mbili, kama anavyopigiwa mchezaji anayerudi kichakani.